Vibanio vya Dobi

Kwa muda wote aliolala juu ya jengo lile, Dobi hakumwambia mtu yeyote mahali alipolala. Siku alipomwonyesha mtu, hakutumia neno hata moja. Alitumia mikono na miguu yake, mchana kweupe, mbele ya watu waliomkodolea macho, na alipomaliza wakampigia makofi. Hapo ndipo hofu yake ilipoanza upya.

Inafaa kwanza ieleweke jinsi alivyofika huko juu. Tangu ujana wake alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali asiyecheka ovyo, aliyemwambia kwamba shuka hukunjwa kwa kupima na kiganja wala si kwa jicho, na kwamba ukosi wa shati hupigwa pasi kutoka nchani kuelekea katikati, kamwe si kinyume chake, la sivyo utakunjamana mithili ya sikio la mbwa. Mjomba hakuruhusu kazi ifanywe nusu nusu. Nguo iliyopigwa pasi upande mmoja aliilowesha tena kwa makusudi, akairudisha mezani bila ya kusema kitu.

Kila asubuhi Dobi alipandisha mashuka mabichi hadi kwenye paa, akayaanika juu ya kamba zilizofungwa karibu na tangi la maji. Pembeni mwa tangi palikuwa na kijumba cha matofali, upana wake haukuzidi wa kitanda kimoja, na humo alitunza kamba zake, ndoo zake, na gunia la vibanio vya mti.

Kisha nyumba ya wageni ikauzwa. Mnunuzi aligeuza vyumba vya chini kuwa maduka na vya juu kuwa ofisi. Mashine za kufulia zikaondoka na gari la vyuma chakavu, na chumba cha uani alichoishi Dobi na mkewe kikabomolewa pamoja na ukuta. Mkewe alikwisha kufariki wakati huo, na Dobi alijikuta akishukuru kwamba hakuyaona hayo. Akahamia kwa mdogo wake. Wana wa mdogo wake wakarefuka, nyumba ikafupika. Shemeji yake hakumtolea neno baya, ila alianza kushusha pumzi kila alipomkuta sebuleni, na Dobi alikuwa mtu mwenye haya. Siku moja akawaaga, akasema amepata chumba karibu na kazini. Hakuwa na chumba, wala hakuwa na kazi.

Akawa analala kwenye baraza ya duka la viatu. Huko ndiko walikomkuta vijana ambao hakupata kuziona nyuso zao. Hawakumwibia, kwa kuwa hakuwa na cha kuibiwa. Walimpiga kwa sababu tu alikuwapo. Tangu siku ile sikio lake la kushoto husikia kama sikio la mtu aliyezamishwa majini, na tangu siku ile hakuweza tena kufumba macho mahali ambapo mkono wa mtu ungeweza kumfikia. Ndipo alipokikumbuka kijumba cha vibanio.

Njia ya kufika huko aliijua kama ajuavyo vidole vyake. Unaingia uchochoro wa nyuma. Unaunyanyua kidogo mlango wa chuma unapousukuma, kwa sababu bawaba yake moja imelegea na hulia ikiburutwa. Unainama, maana mbele yako kuna boriti ya zege iliyoshuka kiasi cha kumgonga mtu kipaji cha uso. Unapanda ngazi za ndani hadi juu kabisa, na hapo unakutana na ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani, ambayo kipago chake kimoja kililiwa na kutu kikaanguka. Unalivuka lile pengo, unatokea kwenye paa. Alipanda jioni, maduka yakishafungwa, akashuka alfajiri kabla ya msimamizi wa jengo kuwasili na shada lake la funguo.

Na kila alipofika juu, kabla ya kujinyoosha, alitawanya vibanio sakafuni, kati ya kichwa cha ngazi na mlango wa kijumba. Kibanio kikavu kikikanyagwa huvunjika kwa mlio mdogo mkali, kama mfupa wa kuku. Kisha akalilalia sikio bovu, lile zima likaelekea mlangoni. Hivyo ndivyo alivyopata usingizi.

Aliyempeleka kwenye mafunzo ya maigizo alikuwa mwanamke mzee aitwaye Bibi Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alimkuta Dobi amechuchumaa nje ya soko.

"Twende ukumbini, mwanangu," akamwambia. "Kuna binti anatufundisha kusimulia hadithi. Chai ipo, mkate upo."

"Mimi sina hadithi, bibi."

"Kiti je, unacho? Huko viti vipo. Njoo ukae tu. Mtu kama wewe akionekana ameketi kitini, hiyo nayo hadithi."

Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye sakafu ya mbao iliyong'aa kwa kukanyagwa. Waliokuja wote walikuwa watu wasio na mahali pa kulala. Mwalimu wao, mwigizaji kijana mwenye sauti iliyofika ukutani bila ya kupandishwa, hakumwuliza mtu kwa nini hakuwa na nyumba. "Hadithi ya mtu ni mali yake," aliwaambia siku ya kwanza, "mpaka atakapoitoa mwenyewe." Dobi alilipenda neno hilo, akawa haachi kuhudhuria.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Walisimulia visa vya kubuni, wakajifunza kusimama bila ya kujificha nyuma ya mikono yao. Siku moja, baada ya chai, Mwalimu akawapanga wawili wawili, wakitazamana.

"Leo hatusemi," akasema. "Mmoja atatuonyesha asubuhi yake, tangu anapofumbua macho hadi anapokutana na mtu wa kwanza. Mwenzake atakuwa kioo. Kila anachokifanya wa kwanza, kioo kinakifanya vilevile, wakati uleule."

Kioo cha Dobi kilikuwa mtu aitwaye Nyundo. Mabega yake yalijaza mlango, na maneno yake kwa siku nzima hayakujaza kiganja. Wengine walisema jina hilo alilipata katika kuvunja mawe. Wengine walisema ni katika kuvunja taya la mtu. Mwenyewe aliwasikia wote, wala hakumsahihisha yeyote.

Watu waliotangulia walikuwa na akili ya mitaani. Bibi Redio alijionyesha anaamka kwenye kitanda cha kifalme, anapiga kengele aletewe chai, kisha anaikataa kwa sababu imepoa. Mwingine alijikuna na kupiga miayo, basi. Hakuna aliyeonyesha alikolala, na hakuna aliyehitaji kuambiwa asionyeshe. Lakini Dobi alipopewa kazi, mjomba wake aliamka ndani yake. Aliinama akaokota vibanio kimoja kimoja akavitia guniani. Alikunja blanketi kwa kupima na kiganja. Aligeuka akaushika ukuta, akashuka akiutazama, na pale penye pengo mguu wake ukarefuka, ukatafuta, ukatua. Alishuka ngazi, akainamia boriti, akaunyanyua mlango ili bawaba isilie, akachungulia uchochoro kwa sikio la kulia. Na mbele yake, hatua kwa hatua, lile jitu lilirefusha mguu vilevile, likainama vilevile, likaunyanyua mlango uleule.

Makofi yalipolia ndipo Dobi alipozinduka.

"Mzee Dobi," akasema Mwalimu, macho yakimmeta, "nimeiona ngazi. Nakuapia, nimeiona."

Dobi alikwenda kwenye meza ya chai. Alipoinua kikombe, akasikia sauti nzito upande wa sikio lake zima.

"Kile kipago, mzee," akasema Nyundo. "Kilivunjika chenyewe, au mtu alikitoa?"

Dobi akakirudisha kikombe mezani. "Kipago gani?" akauliza. "Yale ni maigizo tu."

Nyundo akachovya mkate wake, hakuuliza tena. Na huko kutouliza kulimtisha Dobi kuliko swali. Neno humtoka mtu akalisahau, lakini njia iliyokwisha kukanyagwa haisahauliki na miguu. Sasa njia ya kitanda chake ilikuwa imo ndani ya mwili wa mtu mwingine, tena mwenye mikono kama ile.

Laiti mambo yangeishia hapo. Juma lililofuata Mwalimu alitangaza kwamba wangefanya onyesho mbele ya watu wa mtaa, na kwamba asubuhi ya Dobi ndiyo ingelifungua. Wakaanza mazoezi. Kila mazoezi yalipofanywa, Nyundo aliijua njia vizuri zaidi. Mara moja Dobi alijaribu kulipita lile pengo kana kwamba halipo, akateremka kama mtu wa kawaida. Mwalimu akamsimamisha kwa upole.

"Umesahau mguu, mzee. Pale panapokosekana kitu. Ndipo panaponigusa moyo."

"Mzee hajasahau," akasema Nyundo, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote siku hiyo.

Dobi alifikiri kuacha kuja. Lakini mtu akikimbia huonyesha kwamba ana kitu cha kuficha, na Nyundo angefahamu mara moja kuwa ngazi ile ilikuwa ngazi ya kweli. Alifikiri kuhama, na alipofikiri kuhama aliiona baraza ya duka la viatu, na sikio bovu likaanza kumvuma. Basi akaendelea kuja, roho mkononi.

Jioni moja ilinyesha mvua kubwa, watu wakafunga maduka mapema. Dobi alipanda akiwa amelowa, akatawanya vibanio chini ya ukingo wa paa la kijumba pasipofikiwa na maji, akajilaza. Mwanga wa jioni ulikuwa haujaisha. Mvua ilipopungua kidogo, akasikia mlio mdogo mkali, kama mfupa wa kuku.

Aliziba pumzi, akabana meno ili yasigongane. Nje hapakuwa na hatua nyingine wala sauti ya kukohoa, ila maji yaliyoshuka kwenye bomba la tangi. Alikaa hivyo hadi kifua kikamuuma. Aliuona mlango wa kijumba, mbao zake zilizopasuka, komeo lake la kamba ambalo mtoto angeweza kulikata, na akangoja ufunguliwe. Haukufunguliwa. Mvua ikarudi kwa nguvu, ikafunika kila kitu.

Kulipopambazuka alitoka kwa magoti, akavikagua vibanio. Hakuona hata kimoja kilichovunjika. Je, kimoja kilipungua? Hakuwahi kuvihesabu, na sasa alijuta. Akajiambia kwamba sikio lililobaki nalo limeanza kuharibika. Wazo hilo halikumpa nafuu yoyote, kwa maana kama hakuweza kuliamini sikio lile, nani angemlindia mlango?

Siku ya mazoezi alimvuta Bibi Redio pembeni. "Bibi, huyu Nyundo hulala wapi?"

"Nyundo? Hulala popote ambapo mvua haijapajua. Juzi ilipajua." Akacheka, kisha akamkagua usoni. "Mbona umepauka kama nguo zako za zamani? Unamwogopa?"

"Simwogopi."

"Haya. Jikaze kisabuni, basi. Dobi mzima usishindwe na sabuni."

Siku ya onyesho ilifika, nalo onyesho lilifanywa alasiri ili watu wa maduka wapate kuja. Ukumbi ulijaa, na kwa kuwa viti havikutosha, Mwalimu alikuwa ameazima vingine kutoka kwenye ofisi za jirani. Dobi alilisogeza pazia kwa kidole, akachungulia. Mstari wa pili, amekaa kwa kujinafasi, mikono tumboni, alikuwapo msimamizi wa jengo. Shada la funguo lilining'inia kiunoni pake, likiwa limelala juu ya paja mithili ya paka.

Miguu ilimwishia nguvu. Akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, mimi leo siwezi. Naumwa."

"Ni woga wa jukwaani, mzee wangu. Hata mimi hunishika."

"Siyo huo."

"Ukifika pale utaisha." Akamshika bega kwa mapenzi, akaenda kuwasalimu wageni.

Nyundo alikuwa nyuma yao. Naye akachungulia pale pale alipochungulia Dobi, akatazama kwa kitambo.

"Yule mwenye funguo," akasema taratibu. "Ndiye wa kule?"

"Ndiye," akajibu Dobi, na papo hapo akataka kuung'ata ulimi wake. Sasa alikuwa amekiri. Nyundo aliyejua njia alimjua pia mlinzi wa njia. Neno moja tu, wakati wowote apendao, na kijumba kingefungwa kwa kufuli la kweli.

Pazia likafunguliwa. Walilala wawili juu ya mikeka, nyuso zikitazamana. Ukumbi ulinyamaza. Dobi alifumbua macho, na mkono wake ukanyooka wenyewe sakafuni kutafuta kibanio cha kwanza. Mkono wa Nyundo ukanyooka vilevile. Akasikia funguo zikicheza kidogo mstari wa pili.

Hapo mkono wake ukabadili nia. Badala ya kuokota, ulipapasa ukapata kandambili, jozi moja, mbele ya kitanda kisichokuwapo. Dobi akaketi kitandani, akazivaa. Nyundo alibaki kidogo na vidole juu ya kibanio. Kitambo hicho kilikuwa kifupi, lakini kwa Dobi kilikuwa kirefu kama mvua ile. Kisha yale mabega yakainuka, na Nyundo naye akavaa kandambili ambazo hakupata kufundishwa.

Dobi alikwenda dirishani, akavuta pazia, mwanga ukamwingia machoni. Alinawa uso katika beseni aliloshikiliwa na mtu, kama enzi za chumba cha uani, akajifuta kwa taulo lililoshikwa na mtu yuleyule. Alitandaza shati mezani, akaijaribu pasi kwa kidole kilicholowa, akapiga ukosi kutoka nchani kuelekea katikati. Mkabala naye, mikono iliyosemekana kuvunja mataya ilikuwa ikipiga pasi ukosi mdogo, kwa uangalifu, kwa kuchelewa kidogo tu, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Nyuma ya pazia Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Haya siyo waliyoyafanyia mazoezi. Mwisho Dobi alirudi kitandani, akainama, akamfunika bega mtu yule, aliyekuwa amerudi kulala. Kisha akageuka aende kazini.

Na alipofika mlangoni akainama.

Hakukusudia. Kwa muda mrefu mwili wake haukujua kutoka nje ila kwa kuinama, na ukainama palepale kwenye boriti, kwa kimo kilekile. Na mkono ukashuka kuunyanyua mlango usilie. Akaganda. Katika mstari wa pili msimamizi wa jengo alikuwa ameacha kujinafasi. Alisogea mbele kitini, nyusi zimekutana, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua lakini jina la mwenyewe halimjii.

Nyundo hakuinama. Alikwenda wima, akaupiga mlango kwa kichwa, huku akitoa mlio, pa, kwa kiganja alichokificha. Akarudi nyuma. Akajipapasa utosi, akautazama ule mlango juu hadi chini, akaunyooshea kidole kama anayemwonya mtoto, kisha akainama mno, karibu atambae, akatoka. Ukumbi mzima ulicheka. Bibi Redio alicheka hadi akashika mbavu. Msimamizi wa jengo alijipiga paja, funguo zikalia, nyusi zikaachana.

Onyesho lilipokwisha msimamizi alimfuata Dobi, mkono umenyooshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ule mlango." Dobi aliziba pumzi. "Nyumbani kwa baba yangu ulikuwapo mlango kama ule, mfupi. Nimeugonga utoto wangu wote. Umenikumbusha mbali."

"Milango mifupi ni mingi," akasema Dobi.

"Kweli kabisa. Hata kazini ninayo boriti moja, adui yangu." Akacheka. "Sasa, mzee, wewe na huyu pandikizi la mtu, hamwezi kunisaidia kurudisha viti? Si mbali. Stoo yenyewe iko kule nyuma."

Kukataa kungeleta maswali. Dobi alibeba kiti kimoja, Nyundo akabeba vinne, wakamfuata msimamizi. Waliingia kwa mlango wa mbele, ambao Dobi hakuupita tangu siku za mashuka, wakafuata ujia mrefu unaoelekea nyuma, na Dobi aliiona stoo ilipo: upande wa pili wa boriti.

Msimamizi alikuwa mbele, akitafuta ufunguo. Boriti ilikaribia. Shingo ya Dobi ilianza kushuka yenyewe, kama ilivyoshuka kila siku, na hapo akang'amua kwamba mgeni hawezi kuijua boriti ambayo hajaonywa juu yake. Akaikaza shingo. Akatembea wima. Zege likampiga kipaji cha uso, nyota zikamwagika, kiti kikamponyoka.

"Angalia kichwa, mzee," akasema msimamizi, akigeuka kwa kuchelewa. "Aa, pole sana. Pole. Sikukwambia?"

"Hukuniambia," akasema Dobi, machozi yakimlenga, na kwa mara ya kwanza siku ile magoti yake yakatulia.

Walipotokea uchochoroni jua lilikuwa limeinama na maduka yalikuwa yakifungwa. Msimamizi aliwashukuru, akaenda zake. Dobi na Nyundo wakabaki peke yao, na ule utulivu wa magoti haukudumu. Dobi aliegemea ukuta ili mtu asipite nyuma yake.

"Unataka nini kwangu?" akauliza.

Nyundo alitia mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha Dobi. Kilikuwa kibanio cha mti, kilichovunjika vipande viwili.

"Nilikiondoa usije ukakiona," akasema. "Mvua ilikuwa imenishinda, mzee, na mlango huu wa kunyanyua niliutambua nilipoupita. Nikasema nitagonga, nimwombe. Nikakikanyaga. Halafu nikakusikia umeziba pumzi." Akatazama chini. "Mimi naijua sauti ya mtu aliyeziba pumzi. Nikaona nikigonga, utakufa. Nikashuka."

"Ukalala wapi?"

"Sikulala."

Dobi alivifumbata vile vipande. Hofu haikumtoka, na angekuwa mwongo kusema imemtoka. Ilimtazama tu kwa uso mwingine. Mtu huyu alikuja hadi mlangoni pake, akasimama, na komeo lilikuwa kamba. Mawingu yalikuwa yakikusanyika tena upande wa soko.

"Unakoroma?" akauliza.

"Kidogo."

"Utalala upande wa tangi. Si upande wa mlango. Na utatangulia wewe, mimi nyuma. Kuna kipago—"

"Nakijua kilipo," akasema Nyundo.

Wakapanda. Mguu wa Nyundo ulirefuka gizani, ukatafuta, ukatua, kama ulivyofundishwa. Juu, Dobi alitawanya vibanio kama kawaida yake kati ya ngazi na mlango. Kisha akachota konzi nyingine guniani, akavipanga ndani ya kijumba, mstari mmoja, katikati ya blanketi lake na mahali alipoketi mgeni wake. Alivipanga bila ya kuinua macho, kwa aibu. Alingoja maneno.

Nyundo aliutazama ule mstari. Akanyoosha mkono, akachota konzi yake, akaongeza vingine upande wake, kimoja kimoja, kwa vidole vilivyokuwa vikipiga pasi ukosi alasiri ile.

"Weka vingi huku, mzee," akasema. "Mimi wakati mwingine huamka nikipiga."

Dobi akajilaza juu ya sikio lake bovu. Lile zima akalielekeza, si mlangoni tena, bali kwenye mstari wa vibanio, akawa anasikiliza.